Uliponiuliza Kama Uko Tayari

Ngosa mwanangu, Docta mudogo, mukoromaji mukubwa wa nyumba hii,

Salamu nimeziruka, maana uko hatua ishirini tu kutoka hapa nilipo. Ninakusikia unacheka na mama yako kule jikoni, munafunga chisense, wale dagaa wakavu, kwenye magazeti. Mambo ya neti ya mbu, ya sufuria, ya kuchemsha maji na ya wanaume wenye maneno matamu, hayo mama yako atakuambia, na akimaliza ataanza tena mwanzo. Mimi nimejifungia chumbani, saa tisa ya muchana, kama mwanafunzi aliyepewa azabu.

Usicheke kuona papa yako anaandika barua. Kweli nilifika kidato cha pili tu kule Pweto. Huwa ninasema ni vita iliyonitoa shule, lakini mwalimu wa hesabu alikuwa amekwisha kuanza kazi hiyo mbele ya vita. Lakini mwandiko! Tazama hizi herufi zinavyosimama. Nyinyi madocta munaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Mimi mukono wangu ulikuwa diploma yangu, na chini utaona ulichonifanyia.

Ninaandika kwa sababu ya Jumapili. Tulikuwa uani tunapasua samaki, wewe na kisu kile kidogo, mimi na maneno mengi. Ukaniambia Docta Mwila, mwalimu wako wa kupasua, ametia saini mistari yote ya kaye yako, lile daftari la mafunzo, isipokuwa mumoja. Kujifungua kwa kisu, saini. Mifupa, saini. Mimba iliyotoka njia, saini. Umebaki ule wa henia iliyonaswa, utumbo ukifia ndani ya tundu, uukate ule uliokufa na kuunga ule mzima. Ukasema Docta Mwila hakukataa. Alikuambia hivi: "Mikono yako sina shaka nayo. Lakini nikisaini, kule hospitali ya Chienge utakuwa peke yako, siku nyingine hakuna mwingine wa kupasua. Nenda nyumbani, kaa siku tatu, halafu uniambie wewe mwenyewe: Chienge, ama miezi mitatu tena na mimi hapa Mansa."

Halafu ukasema neno lingine, pole pole, macho kwenye samaki: "Papa, yule mugonjwa wa pili wa henia, nilikuwa nimeanza kuunga. Ni Docta Mwila aliyegeuza utumbo akaona nyuma bado ni mweusi. Mimi sikuugeuza."

Na ukaniuliza: "Papa, unaona niko tayari?"

Nayaandika tena maneno yako ili ujue niliyasikia. Maana ile siku nilijifanya sikusikia. Nilirusha kichwa cha samaki kwa paka, nikapiga kifua: "Binti ya Docta Ilunga anauliza swali kama hilo? Nenda Chienge, uwaonyeshe!" Halafu nikatoka barabarani kumwambia kila mutu aliyekuwa na masikio. Muuza vocha anajua. Katekista anajua. Wale wanawake wa mihogo, ambao hawakuuliza, wanajua. Niliporudi ulikuwa unaosha kisu ambacho kilikuwa safi zamani.

Bon. Sasa nitakujibu. Lakini lazima kwanza nikuambie nani unayemuuliza.

Umekua ukisikia kwamba papa yako alikuwa docta, karibu docta, na kwamba Wazambia walikataa karatasi zangu kwa sababu mimi ni mukimbizi. Mutoto mudogo ulikuwa unapasua viazi vitamu kwa wembe, unavifunga bandeji, na mimi ninaita majirani waone: "Njooni muone, udocta uko kwenye damu!" Hakuna Muzambia aliyekataa kitu, Ngosa. Hakuna karatasi iliyokataliwa. Ilikuwa hivi.

Tulipovuka kutoka Pweto tukakaa kambini, mule kambini mulikuwa na infirmie muzee, muuguzi, Papa Kyungu. Si docta kwa karatasi, lakini huko kwetu Congo alikuwa amepasua watu miaka mingi kuliko umri wangu. Kliniki ilikuwa na kazi kumushinda, basi akachukua vijana watatu awafundishe mambo madogo: kushona vidonda, kufungua majipu, kutoa ndoana za samaki kwenye nyama. Mimi, Mado, na kijana mumoja muvivu aliyeacha wiki ya pili.

Kila mumoja alikuwa na kaye yake, imechorwa mistari mine kwa rula. Niliona. Nilishika. Nilifanya naye. Nilifanya peke yangu. Ukimaliza kazi unaweka alama, Papa Kyungu anatia saini yake yenye vitanzi vitatu. Na siku ya mutihani alikuwa na njia yake. Anakuacha na mugonjwa, anatoka, anaketi nyuma ya pazia na sahani ya karanga. Unamusikia anamenya: ka, ka, ka. Hakuambii anangoja nini.

Mimi, mutoto wangu, nilikuwa mwepesi! Wacha nijisifu hapa maana chini hapana mahali. Nilishona kidonda cha paja la mutu wakati Mado bado anatafuta uzi. Katikati mushipa mumoja ukaanza kutoa damu, nikabana, nikabana tena, ikasimama. Nikafungua pazia kama mufalme. Papa Kyungu akatazama kazi.

"Ilunga, mikono yako ni ya fundi. Lakini sikukusikia."

"Ulitaka kusikia nini, Papa? Nilikuwa ninafanya kazi, si kuimba."

"Ule mushipa ulitoa damu. Nilimenya karanga kumi na mbili. Hukuniita."

"Ilisimama!"

"Ilisimama yenyewe, na wewe unasema ni wewe. Siku ingine haitasimama."

Akaandika kwenye kaye: Mikono, ndiyo. Kuita, bado. Hakutia saini. Mado alimuita mara tatu ile siku, mara ya tatu hata kwa kitu ambacho mutoto wa shule angejua, na Mado akapata vitanzi vyake vitatu. Nilimucheka wiki nzima. Nilimupa jina, Mado Njoo-Papa. Alinijibu neno moja tu: "Cheka. Wagonjwa wangu wataenda nyumbani." Mimi nikaona ni wivu.

Sasa hapa ndipo mwandiko unaingia. Nilinunua kaye mupya. Nikachora mistari, nikaandika yote upya, safi kuliko ya zamani. Na nilipokuwa ninaandika, alama zikaanza kusogea. Zile za "Niliona" zikahamia "Nilifanya naye." Zile za "Nilishika" zikahamia "Nilifanya peke yangu." Henia nilikuwa nimeona mara tatu, nimesimama nyuma ya bega la Papa Kyungu, mara moja nikiwaza mupira. Kwenye kaye mupya nilikuwa nimezifanya zote tatu. Ile "Kuita, bado" haikupata nafasi. Chini nikaweka vitanzi vitatu. Hata yeye mwenyewe angesema ni vyake.

Kwa kaye ile nikapata kazi Kilwa, kile kisiwa cha hapa ziwani. Kulikuwa na mufanyabiashara mumoja wa nyavu kule kisiwani, alikuwa na chumba cha dawa, alitaka mutu wa kutibu wavuvi. Alifungua kaye, akasoma kurasa mbili, akasema: "Huyu ndiye." Mama yako alikuwa amekubeba wewe, miezi mine. Nilivuka na buti, mashua ya injini, nimevaa koti jeupe tayari, muzima muzima, kwenye buti la chisense. Nilifika ninanuka samaki kama wengine wote, lakini mweupe.

Na nilifanya vizuri, Ngosa, hilo usinikatalie. Ndoana, miiba ya kambale, vidole vilivyokatwa na injini. Watoto walikuwa wanakimbia mbele yangu njiani: "Docta! Docta!" Kila mutu aliyepona alinifanya niamini kaye yangu zaidi. Ilifika wakati nilisahau kabisa nani aliiandika.

Kisha akaja Ba Chola.

Ndiyo, Chola huyu huyu unayemujua, anayeshona nyavu pale karibu na soko la samaki, unayemuita Shikulu, babu. Wakati ule hakuwa anashona nyavu, alikuwa anavuta. Hakuna aliyevuta kama yeye. Walimuleta asubuhi, ameinama, ameshika kinena. Kivimbe kikubwa kama ngumi, cha moto, chekundu. Nikagusa, akalia. Nikasema: jipu. Bibi yake alikuwa na mutoto mugongoni. Akasema ametapika usiku wote. Nilisikia. Papa Kyungu alitufundisha, kivimbe cha kinena usikishike na kisu mbele ya kuuliza: kilikuwa kinaingia na kutoka zamani? Kinasukuma akikohoa? Anatapika? La tatu nilikuwa nimepewa bure, sikuliuliza hata, na sikulichukua.

Bibi akasema: "Mukwai Docta, buti iko pale, imewasha injini, inaenda Nchelenge sasa hivi. Tusimupeleke tu?"

Nikamujibu: "Mama, unatafuta docta upande wa pili wa maji, na docta amesimama mbele yako?"

Vijana walikuwa wamejaa dirishani, wakacheka. Nilipenda kile kicheko. Ninakuandikia hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko kisu chenyewe: nilikuwa na mashaka kidogo, kweli nilikuwa nayo, hapa chini ya mbavu, na kile kicheko kikayafunika. Injini ya buti ikabadilisha sauti. Ikaondoka.

Nikakata. Kilichotoka hakikuwa usaha. Wewe unaijua ile harufu, sitakuandikia. Nikaona ukingo wa utumbo, mweusi, na katikati yake tundu ambalo nimelifanya mimi.

Ba Chola aliniuliza: "Imetoka, Docta?" Nikamwambia: "Imetoka."

Nilifunika na kitambaa chenye maji ya chumvi, hilo peke yake nilifanya sawa. Tukangoja buti nyingine mpaka jua limepinda. Njiani nilikuwa ninashika mukono wake na kuhesabu mapigo, na bibi yake alifikiri ninamutunza. Nilikuwa ninahesabu maneno nitakayosema.

Huku bara, hospitalini, ofisa wa zamu alifunua kitambaa, akarudi nyuma. "Nani alikata huyu mutu?"

Nikasema: "Nganga, kule kisiwani. Mimi nimemukuta hivyo."

Macho ya Ba Chola yalikuwa wazi. Bibi yake alinitazama kama mutu anayetazama mbwa anakula kuku wake na mikono yake yote imejaa mutoto. Ofisa akanishukuru kwa kumuleta. Alinishukuru, Ngosa.

Hakufa. Walitoa kipande cha utumbo, wakamufanyia mulango wa choo tumboni, akakaa nao miezi mingi kabla ya kufungwa. Hakuvuta nyavu tena. Mimi nilichoma kaye nyuma ya choo, nikarudi kwa mama yako na hadithi ya karatasi zilizokataliwa. Alilia kwa uchungu wa kunionea huruma. Anajua hadithi ile mpaka leo, na baada yako atakuwa wa pili kusoma hii.

Umekuwa ukimupelekea Ba Chola samaki tangu una miaka sita. "Papa ana roho nzuri," ndivyo ulivyokuwa unawaambia wenzako. Je, uliniona hata siku moja nikimupelekea mwenyewe? Nilikuwa ninasimama barabarani, nyuma ya kibanda cha mihogo, nikijifanya ninaongea na watu. Na yeye kila akiniona kwa mbali anapaza sauti: "Docta!" Soko lote linafikiri ni heshima. Muda wote huu ananiita hivyo, na mimi ninainua mukono.

Leo asubuhi nilienda. Sikutaka kuandika habari zake bila kumuuliza. Alikuwa ameketi na wavu kwenye dole gumba la muguu.

"Ah, Docta! Mutoto ni mugonjwa?"

"Hapana, Ba Chola. Mutoto ni muzima. Nimekuja mimi."

"Ninaona. Samaki iko wapi?"

"Leo sikuleta."

Akacheka, akashona tundu moja, mbili. Nikamwambia yote. Kaye, vitanzi, nganga. Hakuinua kichwa. Halafu akasema: "Ile ya nganga niliisikia. Nilikuwa na homa, sikuwa kiziwi. Nilisema moyoni, huyu kijana ameogopa, kesho atakuja. Nikangoja kesho." Akavuta uzi, akaukata na meno. "Samaki zilikuwa nzuri, mukwai. Lakini samaki haisemi kitu."

Nilipiga magoti pale kwenye mchanga, mbele ya watu. Akaniambia: "Simama, suruali yako. Unajua unavyopenda suruali." Ndiyo, alinichekesha, na mimi nilikuwa ninalia. Sijui kama amenisamehe. Sikumuuliza, maana niliogopa atasema ndiyo haraka ili niondoke.

Nilimuuliza naweza kukuandikia. Akasema: "Andika. Lakini andika Chola, usiandike mugonjwa fulani. Na umwambie mutoto wetu hivi: ile buti ilikuwa pale. Mimi niliiona na macho yangu kutoka kitandani, imefungwa na kamba ya buluu. Akitaka kukata mutu, aangalie buti kwanza." Ametuma na salamu. Amekuita mutoto wetu, uangalie hilo neno, maana mimi limenishinda.

Sasa swali lako. Unaona niko tayari?

Sijui, Ngosa. Ndilo jibu ambalo nilipaswa kukupa Jumapili na mikono yangu imejaa magamba. Sijui, na mimi ni mutu wa mwisho mwenye haki ya kujua. Mikono yako sijaiona ikifanya kazi, isipokuwa kwa samaki, na kwa samaki unanishinda, sitasema mara mbili. Docta Mwila amekuona miaka miwili, na amekurudishia swali. Nilipolisikia nilifikiri anakukwepa. Sasa ninafikiri amekaa nyuma ya pazia.

Kutogeuza utumbo si aibu. Umejifunza, na sasa nina hakika utageuza hata chapati mara tatu. Mimi ninafikiria kitu kingine. Ile dakika, kabla Docta Mwila hajaweka mukono, je, kuna kitu kilikuambia "geuza" na ukakifunika kwa sababu manesi wanatazama? Ama kweli hukujua? Na kama angekuwa ametoka kunywa chai, ungemuita? Mimi siulizi ili unijibu. Hata mama yako usimujibu. Lakini ukiniuliza nini kilimukata Ba Chola, haikuwa kutokujua. Mado hakujua mengi kuliko mimi. Ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu mimi ni nani, nikawa siwezi tena kurudi nyuma mbele yao.

Na Jumapili nilikufanyia hivyo hivyo. Nilienda kuwaambia watu wewe ni nani, kabla hujasema mwenyewe. Nilikujazia dirisha na wachekaji. Kama umefunga mizigo ya Chienge kwa sababu papa amekwisha kutangaza, basi nimekata tena, na safari hii ni mutoto wangu. Nisamehe. Ama usinisamehe sasa, kaa nayo.

Chienge nako si porini, kuna simu, kuna gari la wagonjwa siku likipenda, na kumutuma mutu Nchelenge si kushindwa. Kama moyo wako unajua kwamba utapiga ile simu mapema, hata saa ambayo itakuaibisha, nenda, nami nitalala. Kama unasita, kuna Mansa, na miezi mitatu ni mifupi kuliko wavu mumoja wa Ba Chola.

Kesho magari yote mawili yanapita hapa barabarani, la Mansa na la Chienge, moja likitangulia lingine kidogo. Kama ni la Mansa, hutamuambia mutu yeyote. Mimi nitazunguka: muuza vocha, katekista, wale wanawake wa mihogo, wote niliowaambia, mumoja mumoja. Nitawaambia binti yangu ameomba miezi mitatu tena na mwalimu wake, na kwamba nilidanganya habari za udocta wangu. Hili la pili nitawaambia hata ukienda Chienge. Watacheka sana, unawajua. Wacha wanicheke. Wewe utakuwa umefika mbali.

Barua hii ninaiweka juu ya sanduku lako, chini ya lile koti lako jeupe. Isome peke yako. Kesho sanduku nitalibeba mimi, nitasimama nyuma yako kando ya barabara. Gari utakalolisimamisha, nitapakia humo.

Papa yako,
Ilunga
(usiniite Docta)